Kivuli na Akisi: Istilahi za Uchoraji Mbele ya Bandari za Volanakis

Istilahi haipimwi vema ikiwa imekaa peke yake katika orodha. Hupimwa inapotiwa kazini, yaani mtu anapoitumia kueleza jambo moja mahsusi, na msomaji akalielewa bila kubahatisha. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tunakusudia kuziweka istilahi chache za uchoraji mbele ya kazi za mchoraji mmoja, Konstantinos Volanakis wa Ugiriki. Picha zake za bandari zinadai maneno ya bahari na maneno ya mwanga kwa wakati mmoja, na hapo ndipo upungufu wetu unapojitokeza.

Volanakis alizaliwa mwaka 1837 mjini Heraklion, katika kisiwa cha Krete. Baada ya kusoma katika kisiwa cha Syros alikwenda Trieste, iliyokuwa wakati huo bandari ya dola ya Austria, akawa mshika vitabu vya hesabu katika nyumba ya biashara ya sukari. Husimuliwa kwamba vitabu hivyo vilijaa michoro ya merikebu na bandari, na kwamba waajiri wake, badala ya kumfukuza, walimsaidia kwenda Munich kusomea uchoraji. Huko alifundishwa na Karl von Piloty, bingwa wa picha kubwa za historia. Picha yake ya vita vya baharini vya Lissa, vilivyopiganwa mwaka 1866, ilimpatia ushindi katika shindano lililotangazwa na Kaisari Franz Joseph. Mwaka 1883 alirudi Ugiriki akakaa Piraeus, bandari ya Athens, akafundisha katika Shule ya Sanaa mpaka mwaka 1903. Alifariki Piraeus mwaka 1907.

Sifa yake ya kwanza, basi, ilitokana na vita. Lakini kwa maoni yetu ubora wake haumo humo. Katika picha za vita, moshi, moto na mawimbi hushindana kumvuta mtazamaji, na maji huwa ni uwanja tu wa mapambano. Katika picha za bandari, kama ile ijulikanayo kwa jina la Bandari ya Volos, mambo ni kinyume. Tukio kubwa halipo. Bahari ni shwari, upeo wa macho umewekwa chini, na mbingu imepewa nafasi kubwa. Vyombo vimetia nanga na watu ni wadogo. Kazi yote imeachiwa mwanga na maji. Wako wamlaumuo Volanakis kwa kutoacha njia ya Munich wakati wachoraji wa Ufaransa walipokuwa wakiugeuza uchoraji mzima. Lawama hiyo ina kweli ndani yake, maana kila kamba ya chombo chake iko mahali pake kama alivyofundishwa. Hata hivyo, atazamaye maji yaliyo chini ya kamba hizo ataona kwamba hapo mchoraji alikuwa akiyafuata macho yake kuliko mafunzo.

Tukianza na vyombo, Kiswahili hakina haja ya kuazima. Mlingoti, mlingoti wa maji, foromali, tanga, omo na tezi ni maneno ya mabaharia wetu yaliyo tayari kwa mfasiri, ingawa merikebu za Volanakis zina matanga mengi kuliko jahazi. Hatari iko katika neno moja tulizoealo mno, nalo ni meli. Siku hizi huliita hivyo karibu kila chombo kikubwa cha baharini. Zamani msemaji alitenganisha merikebu ya matanga na meli iendayo kwa moshi. Volanakis aliishi katika kipindi ambacho matanga yalikuwa yakiipisha mvuke, naye aliichora hata sherehe ya kufunguliwa kwa mfereji wa Korintho mwaka 1893. Mfasiri aandikaye meli kwa kila chombo huyafuta mabadiliko hayo. Tunashauri merikebu irudishwe katika kazi yake ya zamani.

Jambo zito zaidi ni neno kivuli. Katika matumizi ya kawaida, kivuli ni giza liangukalo nyuma ya kitu kilichozuia mwanga, lakini pia ni sura ya kitu ionekanayo majini. Katika mazungumzo hapana dhara. Katika maelezo ya picha ya bandari, dhara ni kubwa. Tuseme mwalimu amesoma katika tafsiri kwamba “vivuli vya milingoti vimelala juu ya maji.” Atawaeleza wanafunzi wake kwamba jua liko nyuma ya merikebu na maji yametiwa giza, kumbe mchoraji ameonyesha milingoti yenyewe, pamoja na rangi zake, ikishuka ndani ya maji yanayong'aa. Neno moja limeigeuza picha nzima.

Tofauti ya mambo haya mawili si ya maneno tu. Kivuli hufuata jua: likihama, nacho huhama. Sura ya majini haifuati jua. Maji yakiwa matulivu, husimama wima chini ya kitu chenyewe, mahali popote mtazamaji alipo. Kivuli huondoa mwanga, bali sura ya majini huurudisha, ingawa si wote, na kwa hiyo tanga jeupe huonekana limefifia kidogo majini. Yakipita mawimbi madogo, sura hiyo hukatika vipande na kurefuka kumwelekea mtazamaji. Haya ndiyo mambo anayoyashughulikia mchoraji wa bandari, na lugha isiyoyatenganisha haiwezi kumhukumu.

Maneno gani basi yatumike? Walimu wa fizikia wanalo mwakisiko, lakini hilo ni tendo la mwanga kurudi, wala si sura yenyewe ionekanayo. Wanalo pia taswira, ambalo lingefaa kama wahakiki wa fasihi wasingekwisha kulitwika mzigo wao. Katika uhakiki wa sanaa, “taswira ya bahari” ingeweza kueleweka kwa njia tatu. Tunaona afadhali kutumia akisi kama jina, lenye mzizi mmoja na kitenzi kuakisi kijulikanacho tayari. Wako watakaosema kwamba neno hilo ni gumu kwa msomaji wa kawaida. Tunawajibu kwamba ugumu wa neno jipya huisha kwa mazoea, bali utata wa neno la zamani huongezeka kila litumikapo.

Kwa hiyo tunayatoa mapendekezo haya yajadiliwe:

Kivuli: giza litokanalo na kitu kuzuia mwanga. Lisitumike kwa sura ya majini katika maandishi ya sanaa.

Akisi: sura ya kitu ionekanayo majini, kiooni au juu ya kitu chochote kinachong'aa.

Mandhari ya bandari: picha ambayo shabaha yake ni mahali penyewe, si tukio lililotokea hapo.

Merikebu: chombo kikubwa cha matanga. Meli: chombo kikubwa cha mvuke au injini.

Wasomaji wetu walio wengi hawatapata kusimama mbele ya picha ya Volanakis. Wataijua kwa nakala ndogo kitabuni, pengine isiyo na rangi, na kwa maelezo yaliyoandikwa chini yake. Kwao maelezo hayo ndiyo picha. Mfasiri akiandika akisi mahali pake, bandari itabaki na maji yake. Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya kazini na kutuandikia walikoona yanapwaya.