Wepesi wa Ulimi na wa Mkono

Katika mizani zinazotumiwa kupima athari ya maradhi ya skizofrenia katika fikra, hapana iliyo sahili kwa kuitazama, wala yenye siri nyingi ndani yake, kama ile ya wepesi wa kutoa maneno: mtahiniwa huambiwa ataje wanyama wote awajuao kwa muda wa sekunde 60, kisha maneno yaanzayo kwa herufi fulani, ambazo kwa Waingereza aghalabu ni F, A na S, ilhali majina ya watu na ya miji yamekatazwa. Mtahini huandika yote kwa mfuatano wake, hata yaliyokaririwa, kwa kuwa kosa nalo ni ushahidi.

Mkono nao ulipewa mtihani wake. Mwaka 1977, Marilyn Jones-Gotman na Brenda Milner wa Montreal, waliokuwa wakiwachunguza watu waliopasuliwa ubongo, waliwataka wachore kwa dakika 5 maumbo ya kubuni yasiyo na jina, kisha kwa dakika 4 maumbo ya mistari 4 tu. Aliyechora nyumba au jua hakuhesabiwa kitu, maana alichokitoa kilikuwa neno lililovaa mistari.

Wagonjwa wa skizofrenia aghalabu hupungukiwa katika mitihani yote miwili, na kwa upande wa maneno hulemewa zaidi na aina za vitu, kama wanyama, kuliko herufi. Je, hazina ya maneno imepungua, au ufunguo wake ndio mgumu? Allen, Liddle na Frith walilikabili suala hili mwaka 1993 kwa hila njema: walimrudishia mtu yule yule swali lile lile mara kadhaa. Ghala lenye vitu vichache halina budi kutoa vile vile kila lifunguliwapo. Lililojaa hutoa vipya. Natija ilielekea kwenye ufunguo: maneno yalikuwamo, kuyafikia ndiko kulikokuwa na taabu.

Kwa hiyo idadi peke yake haitoshi. Mtu akitaja kuku, bata, kanga, akanyamaza, kisha akasema simba, chui, fisi, ametoa makundi mawili na mruko mmoja. Na tangu Angela Troyer na wenzake walipoonyesha mwaka 1997 namna ya kuhesabu makundi na miruko, kimya kile cha katikati kimekuwa na maana yake.

Atakayeuleta mtihani huu katika Kiswahili na ajihadhari na herufi. Wanyama watavuka salama, K haitavuka. Kula, kulala, kuimba, kukimbia: kila kitenzi chetu chaweza kuanza kwa herufi hiyo, na aliyekwisha kuuona mlango huo hana haja ya kutafuta mwingine. Kanuni ya Waingereza humzuia mtahiniwa asibadilishe mwisho wa neno moja akahesabiwa mawili; yetu haina budi kuulinda mwanzo. Pasipo hivyo herufi itakuwa nyepesi kupita kiasi, na mgonjwa ataonekana ameshindwa na wanyama kwa sababu ya sarufi yetu, si kwa sababu ya maradhi yake.