Mikia Minane ya Mpira

Kompyuta yangu ilianza kunguruma mwezi wa Agosti, kiangazi kilipokuwa kimeshika. Hapa Kathiani wakati huo udongo mwekundu hupanda nyuma ya kila pikipiki na kuingia popote palipo na tundu. Mchana, soko likiwa limechangamka, sikuusikia mlio huo. Usiku ndio ulionishinda. Nikiketi kusahihisha mitihani, ngurumo nzito ilitoka ndani ya kasha na kushuka mezani, hadi kalamu niliyoilaza kando ya kikombe ikawa inatambaa yenyewe kuelekea ukingoni. Niliweka kamusi juu ya kasha. Nikaongeza Biblia. Wapi!

Fundi niliyempelekea ana meza moja tu, nyuma ya duka la simu. Aliiwasha mashine, akaweka kiganja ubavuni mwake, akatulia kidogo.

"Mwalimu," akasema, "feni ni nzima. Kinachoimba ni kasha."

Feni ya milimita 120 inayozunguka mara 1,200 kwa dakika huzunguka mara 20 kila sekunde. Vumbi likiganda zaidi kwenye panga moja kuliko jingine, uzito hukosa ulinganifu, na kila mzunguko feni hulitikisa kasha kidogo. Skrubu nne za chuma huupokea mtikiso huo na kuufikisha wote kwenye bati. Nalo bati, jembamba na pana lilivyo, ni ngozi ya ngoma. Feni ni kama uzi wa gitaa la mbao: ukiunyoosha hewani peke yake utausikia wewe tu uliyeushika, sanduku ndilo linaloupa sauti.

Basi dawa ni kuutenga uzi na sanduku.

Alianza na usafi, kwa brashi ya rangi, kidole kimeyazuia mapanga yasizunguke. Kisha akatoa vishikizo vinane vya mpira, vinne kwa kila moja ya feni mbili, vyembamba kama utambi wa taa, kila kimoja na kichwa, shingo mbili na mkia mrefu. Akaupitisha mkia kwenye tundu la kasha kutoka nje, akalowesha vidole kwa maji ya sabuni, akavuta. Hakuvuta kwa nguvu. Mpira wa aina hii ukiushtua hukatika. Aliuvuta kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto, mpaka shingo ya kwanza ikazama kwenye bati, tap! Akaileta feni, akaitazama mishale ubavuni mwake ili upepo usije ukageuzwa, akapitisha mikia minne kwenye pembe nne, akavuta tena mmoja mmoja, akiruka pembe kwa pembe ili feni isikae upande. Alipomaliza, feni ilikuwa inaning'inia. Ukiigusa inayumba.

Kuyumba huko kulinitia wasiwasi. Nikamsihi arudishe angalau skrubu moja badala ya mpira, ya usalama. Akatii bila kubishana, akaikaza, akawasha. Ngurumo ikarudi vilevile. Skrubu moja ilikuwa daraja tosha. Akaitoa, akaurudisha mpira bila kunitazama, na mimi nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Ukambani sifa za ufundi zimekwenda Wamunyu, kwa Mutisya Munge aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na ujuzi wa kuchonga vinyago akawaachia wenzake. Kinyago unakishika, ukakigeuza, ukamsifu aliyekichonga. Kazi hii ya mpira haionekani, na ikifaulu haisikiki. Nadhani ndiyo sababu haina wasifiaji, nami naona tunaidhulumu.

Nilimuuliza vipi kuhusu wasio na hela ya vishikizo vya dukani. Alinionyesha kipande cha tyubu ya gari, kama ile blada ambayo watu wa boda boda hufungia mizigo. Huikata duara, huitoboa, huiweka kati ya feni na bati. Inasaidia, alisema, ila ukikaza sana umefanya kazi bure, maana mpira uliobanwa hadi ukawa mgumu ni chuma kingine tu. Tairi la viatu vya akala hataki kulisikia: linafaa mguuni, lakini kwa feni ni gumu mno. Ugumu huo unaweza hata kuzidisha mtikiso, kwa kuwa feni iliyolala juu ya kitu kigumu huyumba haraka, na mwendo wake wa kuyumba ukikaribiana na mwendo wa kuzunguka, mambo huharibika. Wala mpira hautibu beringi iliyokwisha, wala mvumo wa upepo wenyewe.

Mwisho akaikata mikia, lakini akabakisha urefu wa ukucha, ili siku ya kufungua kuwe na pa kushika. Zile skrubu nane akazifunga kwenye karatasi na kuzibandika kwa selotepu ndani ya kasha, chini, mbali na feni.

"Za nini tena?" nikauliza.

"Mpira huzeeka kwa joto, mwalimu. Atakayeifungua baada yangu huenda hana mwingine."