Mkopo wa Mmoja, Namba za Wote

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mjadala mwingi ulikuwa juu ya riba. Namna programu za aina hii zinavyochukua ridhaa ya mkopaji haikujadiliwa vya kutosha, na hapo ndipo udhalilishaji unapoanzia.

Tuseme muuza samaki wa Bagamoyo amekwama mtaji, akapakua programu. Kabla hajaoneshwa kiasi cha mkopo, anatakiwa kuiruhusu isome majina na namba zilizohifadhiwa kwenye simu yake, ujumbe mfupi na mahali alipo. Akikataa kimojawapo, haendelei. Masharti ni marefu, mara nyingi ya Kiingereza, na kitufe cha kukubali ni kimoja. Akichelewesha rejesho, ujumbe wa kumwaibisha unawafikia shangazi, mwajiri na wateja wake.

Kasoro ya kwanza ni shuruti: mwenye shida hakupewa nafasi ya kukataa. Ya pili ni nzito zaidi. Mkopaji anaweza kuridhia kwa niaba yake mwenyewe tu. Shangazi hakukopa wala hakuulizwa, na namba yake si mali ya mpwa kuitoa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaiweka miamala ya fedha ya mtu katika taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi. Ujumbe wa simu zetu umejaa miamala hiyo. Anayeusoma wote kwa kubofyewa mara moja anakwenda kinyume na shabaha ya sheria.

Ridhaa ya kweli Bagamoyo inaifahamu. Mwaka 2009 Taasisi ya Afya Ifakara ilianza hapo majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Maadili ya tafiti za aina hiyo yanataka mzazi wa mtoto anayeshirikishwa aelezwe faida na madhara kwa lugha anayoielewa. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi. Na awe huru kujitoa bila mtoto kunyimwa matibabu.

Mwaka 2023 Google ilizikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma namba na picha za mteja, lakini zinazosambazwa kwa viungo vya WhatsApp hazipiti dukani humo. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi izibane zote: maelezo yawe ya Kiswahili, kila taarifa iombwe peke yake pamoja na sababu yake, na orodha ya namba isiguswe kabisa. Deni la mmoja lidaiwe kwa huyo mmoja.