Wingi wa Watafiti na Upya wa Utafiti: Mfano wa Kamusi za Kiswahili

Imekuwa desturi siku hizi kudhani kuwa utafiti wa wengi ni bora kuliko wa mmoja. Umoja ni nguvu, wala hapana abishaye. Lakini nguvu ya kuinua si lazima iwe nguvu ya kugundua. Mwaka 2019 Lingfei Wu, Dashun Wang na James Evans walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya kuchungua makala, hataza na programu za kompyuta zaidi ya milioni 65 za miaka 1954 hadi 2014. Waliona kwamba makundi madogo aghalabu huzua jambo linaloipindua njia ya zamani, na makundi makubwa huendeleza lililokwisha kujulikana. Kipimo chao ni kama kazi za baadaye huitaja kazi hiyo peke yake, au huitaja pamoja na zilizoitangulia. Yafaa tuipime kauli hiyo kwa kazi zetu.

Mwaka 1939 watuletea mfano mwema. Mwaka huo ilitoka kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, iliyosimamiwa na marehemu Frederick Johnson. Kamusi hiyo yenyewe yakiri kuwa imejengwa juu ya ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903. Mwaka huo huo ilianza kutoka Paris kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa ya Padri Charles Sacleux, kazi ya mtu mmoja. Ya Kamati ilieneza lugha sanifu na kuingia shuleni. Ya Sacleux ilibeba lahaja kwa wingi, na hata leo mchunguzi wa lahaja hana budi kuiendea. Kwa mtazamo wa kwanza, kauli ya Wu na wenzake yathibitika.

Hata hivyo zipo hoja mbili za kuipinga. Kwanza, Kamati haikuziacha lahaja nyingi kwa sababu ya wingi wa wajumbe. Ilipewa kazi ya kusanifisha, na kusanifisha ni kuchagua. Kundi dogo lililopewa amri hiyo lingalichagua vile vile. Basi tusiulaumu wingi kwa jambo lililotokana na agizo.

Pili, jina moja juu ya jalada si mtu mmoja kazini. Kasisi W. E. Taylor aliyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji huko Mombasa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Bila Mwalimu huyo sehemu kubwa ya hazina hiyo ingalipotea, lakini ni wangapi wamtajao? Ahesabuye majina ya jalada huhesabu heshima iliyogawiwa, wala hahesabu akili zilizofanya kazi.

Nikaapo Segerea, nyumba hujengwa kila mtaa. Siku ya kupima msingi, fundi mmoja na msaidizi wake hutosha kwa kamba na vigingi. Wengine wakiingia, kamba hukanyagwa. Siku ya kumwaga zege huitwa watu wengi, kwa kuwa zege halingoji. Hakuna mwenye nyumba aulizaye ni siku ipi bora. Huuliza kazi ya leo ni ipi.

Wagawao fedha za utafiti hawaulizi hivyo. Nilipata kuomba fedha za kurekodi wazee wasemao lahaja moja ya pwani, nikajibiwa niongeze majina manne ili ombi lifikiriwe. Kazi ilitaka sikio moja, kinasa sauti na subira. Sikupata majina, wala sikupata fedha. Na wazee hawaongezeki.

Sisemi makundi yavunjwe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilitaka jopo, na Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 isingaliwezekana kwa mtu mmoja, maana nchi ni kubwa na lugha zapita mia. Nasema kwamba idadi na ifuate kazi, wala kazi isifuate idadi. Na kila mwenye mchango atajwe, awe profesa au mzee wa kijijini aliyetoa neno.