Kipimo Nacho Hupimwa

Mwaka 1922, jijini Prague, Jaroslav Heyrovský alianza kutumia matone ya zebaki kutambua vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1959. Wajukuu wa tone lile leo hawaonekani kwa macho matupu. Katika miaka ya 1990, Jacques Buffle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakishirikiana na mafundi wa Neuchâtel, walitengeneza kibao chenye visahani 100 vya iridi vinavyofanya kazi ya elektrodi, kila kimoja kipenyo cha maikromita 5, kitovu hadi kitovu maikromita 150. Kila kisahani huvikwa zebaki, kisha kibao hushushwa ziwani kusaka risasi na kadimiamu.

Ufundi wa kuunda kitu kidogo namna hiyo hauhitaji mpiga debe. Ninaousifu mimi ni ufundi wa pili, usiopigiwa makofi: wa mtu anayekaa na kibao hicho maabara, kabla hakijaligusa ziwa, akakiuliza kama kinasema kweli.

Huanza na mmumunyo anaoujua vizuri, kwa mfano ferosianidi ya potasiamu ya milimoli 1 kwa lita, na kanuni fupi: kisahani kimoja cha kipenyo hicho kinapaswa kutoa mkondo wa takriban nanoampia 0.7. Basi vyote 100 vitoe takriban 70. Anapandisha volti taratibu na kuutazama mchoro. Kwenye elektrodi kubwa, mkondo hupanda kama kilima kisha hushuka, kwa sababu ioni za karibu zimekwisha na za mbali zinachelewa. Kwenye kisahani kidogo ioni huja kutoka pande zote, kwa hiyo mkondo hupanda na kutulia bapa.

Ubapa huo ndio ushahidi wa kwanza. Visahani vikisongamana, kila kimoja huanza kula mgawo wa jirani yake, kama visima vilivyochimbwa ua mmoja vikanyang'anyana maji. Hapo kilima hurudi mchoroni, na elektrodi 100 zinakuwa kama moja kubwa. Tumezoea kusema umoja ni nguvu. Hapa nguvu ni kila kimoja kujitegemea. Mpimaji hodari hurudia jaribio polepole zaidi, ili ujirani mbaya upate muda wa kujionyesha.

Ushahidi wa pili ni kiasi chenyewe. Mkondo ukipungua, huenda baadhi ya visahani vimekufa, au vimezama chini ya usawa wa tabaka la kuhami umeme linalovizunguka na ioni zinavifikia kwa shida. Namba peke yake haitofautishi mambo hayo mawili, ila zebaki hutofautisha: ikishawekwa, hadubini huonyesha kitone juu ya kila kisahani kilicho hai, na kilichokufa hubaki kitupu. Mkondo ukizidi hesabu, mgeni wa kazi hii hushangilia, lakini mwenye kazi hushtuka. Ziada hiyo mara nyingi ni ufa katika tabaka la kuhami, unaoruhusu maji kugusa metali ambayo haikupaswa kuguswa. Kuikataa namba kubwa inayofurahisha macho kunahitaji uadilifu, na uadilifu huo ndio moyo wa ufundi huu.

Umuhimu wake unaonekana ziwani. Maji yakitiwa chupani na kusafirishwa, sehemu ya madini hunata kwenye kuta za chupa. Ndiyo maana Geneva walitaka kupima palepale, wakakifunika kibao kwa jeli ya agarosi inayozuia uchafu na kupitisha ioni ndogo. Risasi inayotafutwa humo huweza kuwa nanomoli 1 kwa lita, yaani chini ya robo ya maikrogramu, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10. Katika kiasi kidogo hivyo, kasoro ya kifaa huweza kujivika sura ya sumu, na sumu halisi ikajificha ndani ya kasoro.

Anayesoma matokeo ya maji yake hatajua kama visahani vilihesabiwa, wala kama mkondo mzuri kupita kiasi ulikataliwa. Ataamini tu, na ana haki ya kuamini. Mpimaji wa vipimo ndiye anayeilinda haki hiyo, na kwa hilo anastahili heshima ileile tunayompa mvumbuzi.