Hongera, Wasuluhishi wa Migogoro ya Kazi

Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, malori hupanga foleni kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na dereva au utingo anaweza kuachishwa kazi kwa simu tu, akiwa papo hapo barabarani. Ndiyo maana nawapongeza wasuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Hawavai majoho, hawatozi ada. Mfanyakazi hujaza fomu, pande mbili huketi meza moja, na msuluhishi ana siku 30 za kuwapatanisha. Ikishindikana, mwamuzi huamua. Ninalolipenda zaidi: mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu kihalali. Ndugu dereva, ukiachishwa usingoje safari ijayo. Una siku 30 tu za kupeleka lalamiko lako.