Celery na oda inayochanwa kabla chakula hakijaiva

Ukijifunza kutengeneza tovuti kwa Python, siku moja utaambiwa: kazi nzito usiifanye huku mtumiaji anasubiri, ipeleke kwenye foleni, tumia Celery. Ushauri mzuri. Ni kama mgahawani: mhudumu anaandika oda, anaipeleka jikoni, anarudi kusikiliza wengine.

Celery ipo tangu 2009, na sifa nyingi inazopewa inastahili. Mistari michache tu, barua pepe zinaenda bila ukurasa kukwama. Ugomvi wangu ni jambo moja ambalo masomo mengi ya mtandaoni huliruka: usipobadilisha mipangilio, Celery huifuta oda kwenye foleni pale mpishi anapoishika, kabla hajapika. Umeme ukikatika katikati, hakuna anayekumbuka kwamba meza ya tano bado ina njaa.

Mimi nililijua hilo baada ya kuumia. Mfumo wa ada tuliotengeneza ulipokea malipo, seva ikazimika, risiti hazikutoka. Hakuna kosa lililoandikwa popote! Watu waliolipa wakazuiwa mlangoni siku ya mtihani.

Utaambiwa, “Si uwashe acks_late?” Kweli, ukiiwasha, oda inafutwa baada ya kazi kuisha. Lakini mchakato unaofanya kazi ukiuawa ghafla, mathalani kwa kukosa memori, kazi bado inahesabiwa imekwisha, mpaka uwashe pia task_reject_on_worker_lost. Na kama foleni yako ni Redis, kazi inayozidi saa 1 hupewa mpishi wa pili wakati wa kwanza bado yuko jikoni. Hapo mteja anaweza kukatwa hela mara mbili.

Watengenezaji wana hoja: programu haiwezi kujua kama kazi yako inaweza kurudiwa bila madhara. Sawa. Basi kuchagua kati ya kupoteza na kurudia ni juu yako, na jambo zito hivyo lilistahili kufundishwa somo la kwanza.

Sisi sasa tunaandika kwanza kwenye hifadhidata: risiti namba fulani, haijatumwa. Kazi inaangalia hapo kabla ya kutuma, na kila baada ya dakika chache tunapitia zilizobaki. Kabla hujaisifia foleni yako, jiulize: seva ikizimika sasa hivi, utajuaje nani hajapata risiti?